Nyuzi za Chuma na Makosa Mengine Tuliyoyafanya Kabla Yenu

Jumamosi iliyopita mdogo wetu mmoja kaingia mazoezini na gitaa mgongoni, uso unang'aa kama katoka kupeleka posa na imepokelewa. Hata salamu hakutoa. Akakaa, akapiga kodi ya G (kodi ni nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, haihusiani na TRA), gitaa likalia kali, likajaa baraza zima mpaka muuza kahawa akageuza shingo. Wenzake wakashangilia. Mimi macho yangu yakaenda kwenye daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kifuani mwa gitaa. Nyuma yake ubao umeanza kuvimba, kidogo sana, kama shavu la mtu anayekaribia kuugua jino. Gitaa la nailoni, yeye kalifunga nyuzi za chuma.

Nikamvuta pembeni. Akanijibu, "Mbona linalia vizuri tu, kaka?"

Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi mwenyewe miaka ishirini na ushee iliyopita. Kwa hiyo nimekaa niandike, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mliojiunga na kikundi chetu cha gitaa mwaka huu. Sisi ni watu wa ofisini, wa dukani, wa bodaboda. Gitaa tunapiga kwa raha zetu, hakuna anayetulipa. Ila raha yenyewe mnaichelewesha kwa mikono yenu, kwa njia zilezile kila mwaka, na mimi uvumilivu wangu una mwisho.

1. Kucha za mkono unaobana freti (nafasi za shingoni zilizogawanywa kwa vijichuma) zikatwe mpaka mwisho. Imeisha hiyo.

2. Tyuni. Kila ukilishika, hata kama uliliweka chini ukaenda kunywa maji. Programu za simu zipo, za bure, na bado mnakuja na E ya chini imeporomoka mpaka inakaribia D. Jifunzeni na njia ya freti ya tano pia, maana simu huisha chaji: bana uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, freti ya tano upate sauti ya uzi wa tano, na kuendelea hivyo, isipokuwa uzi wa tatu, ambao unabanwa freti ya nne ndipo upate wa pili. Ya nne! Kila mwaka yupo mmoja anayebana ya tano hapo pia, B yake inageuka C, halafu anauliza kwa nini kodi zake zote zinalia kama mbuzi aliyeona kisu.

3. Nyuzi za chuma hazifungwi kwenye gitaa la nailoni. Hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Desemba 2003 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi, tunaishi Kihonda hapa hapa Morogoro. Mtaa wa pili aliishi mzee mmoja mstaafu. Zamani alipiga ridhimu kwenye bendi, enzi ambazo mji huu ulikuwa na Morogoro Jazz upande mmoja na Cuban Marimba upande wa pili, na watu waligawanyika kama leo wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga. Mzee alikuwa na gitaa la nailoni, rangi ya asali, analifunga kwenye kanga na kuliweka juu ya kabati pamoja na vidonge vya naftalini. Nilimsumbua mwezi mzima mpaka akaniazima, kwa masharti mawili: lisikae juani, na lisibadilishwe kitu.

Nililifikisha nyumbani, nikalipiga, nikavunjika moyo. Mlio ulikuwa mpole, kama mtu anayeongea na mtandio mdomoni. Mimi kichwani nilikuwa na solo za Mbaraka Mwinshehe nilizozisikia redioni, zile zinazolia kama kengele, na sikujua kwamba lile ni gitaa la umeme na hili ni mnyama mwingine kabisa. Nikaamua kwamba ugonjwa uko kwenye nyuzi. Shangazi alikuwa anakwenda Dar, nikampa hela zangu zote, akanirudia kutoka Kariakoo na seti ya chuma ya kumi na mbili (huo ni unene, si idadi ya nyuzi). Muuzaji alimwambia hizo nene ndizo zinazolia zaidi. Hakumdanganya.

Uzi wa nailoni hufungwa fundo darajani. Wa chuma una kijipete cha shaba mwishoni. Nilipaswa kujiuliza kwa nini kijipete hakina pa kukaa. Nikakipitisha kwenye tundu kikakwama kwa nyuma, nikajipongeza kwa ubunifu.

Siku tatu nilikuwa mfalme wa mtaa. Siku ya nne nyuzi zikaanza kuachana na shingo. Kubana freti ya saba ilikuwa kama kubana waya wa kuanikia nguo. Nikajiambia vidole vyangu ndio bado laini. Ubao nao umevimba, sikuuona. Au niliuona nikaupitisha macho.

Sasa sikilizeni hesabu ambayo mimi hakuna aliyenipa. Seti ya nailoni ikishakazwa huvuta kwa uzito wa kilo 40 hivi. Seti ya chuma ya kumi na mbili huvuta kilo 70 na zaidi. Gitaa la nailoni limejengwa kwa ule mzigo mdogo: ubao mwembamba, vijiti vyepesi kwa ndani, mara nyingi shingoni hakuna fito ya chuma, na daraja limeshikwa na gundi peke yake. Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, weka juu yake ndoo ya maji ya lita 20, halafu vyote uvining'inize kwenye gundi ya seremala, Desemba, chini ya bati la Kihonda.

Ijumaa saa saba mchana nilikuwa uani nachota maji. Nikasikia paa! Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa, akasema, "Embe hilo, limeangukia bati." Nilitamani sana liwe embe.

Daraja lilikuwa limeng'oka na kipande cha ubao, linaning'inia kwenye nyuzi kama jino la mtoto. Kwenye lile shimo ikatoka harufu ya naftalini, harufu ya kabati la mzee.

Mwenye akili angelibeba hivyo hivyo akaenda kuomba msamaha. Mimi nilikwenda kwa seremala wa vitanda nikaomba gundi kwenye kifuniko cha soda, nikapaka, nikaweka jiwe la kusagia juu, nikalala. Asubuhi nikalifunga nyuzi. Zipi? Za chuma. Za nailoni nilishazitupa. Likashika mpaka adhuhuri, kisha likang'oka tena, safari hii na kipande kikubwa kuliko cha kwanza. Aibu yangu iko hapo, wadogo zangu. Mara ya kwanza nilikuwa sijui. Mara ya pili nilikuwa najua, nikaomba Mungu fizikia ipumzike kidogo kwa ajili yangu.

Wiki mbili nilizunguka nyuma ya msikiti ili nisipite mlangoni kwake. Akamtuma mjukuu: "Babu anauliza gitaa linaendeleaje." Nikasema linaendelea vizuri, mwambie najifunza solo. Mwisho akaja mwenyewe, jioni, na fimbo yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Mama akamtilia chai ya tangawizi. Akanywa nusu kikombe bila neno, ndipo akasema, "Lete tuliangalie." Nililileta likiwa kwenye ileile kanga. Akaifungua taratibu, akaingiza kidole kwenye shimo, akapapasa ubao kwa ndani, akaangalia nyuzi za chuma zilizojikunja. Akaniuliza swali moja tu: "Nyuzi zangu ziko wapi?"

Nikamwambia nilizitupa jalalani. Hakugomba. Aliifunga kanga upya, ncha kwa ncha, na mikono ilikuwa inatetemeka, sijui kwa uzee au kwa nini. Aliyelia ni mama. Mpaka leo kitu kikiangukia bati, tumbo linanicheza.

Lilitengenezwa. Fundi mmoja wa Mji Mpya alikwangua kwanza gundi yangu yote huku akinitukana, akaziba ubao, akalibana daraja siku mbili. Gharama niliilipa kwa kubeba tofali kwenye ujenzi. Likalia tena, ila upande wa nyuzi nyembamba lilibaki kama lina mafua.

Namna ya kulitambua: kichwa kina madirisha mawili yaliyotobolewa, shingo pana, nyuzi zimefungwa mafundo darajani, basi ni la nailoni. Daraja lina vipini sita vilivyochomekwa, hilo ni la chuma. Huna hakika, uliza. Tunakaa pale baraza zima na hakuna anayeuma.

4. Msiikimbie kodi ya F, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote. Kidole cha shahada kilale karibu kabisa na chuma cha freti, kiegemee ubavu wake ulio mgumu, gumba lishuke nyuma ya shingo. Ipeni wiki tatu, itatii. Yupo mmoja kati yenu, anajijua, ambaye tangu Machi kila wimbo ukifika kwenye F anakohoa. Tumeshaelewa, ndugu yetu. Pole na kifua.

5. Ridhimu kwanza. Hili nalo nilifundishwa na mzee yuleyule, kama adhabu.

Gitaa hakuniazima tena. Alinitaka niende kwake kila jioni baada ya tofali, nilipige mbele ya macho yake, na solo akaipiga marufuku. C, F, G, basi. Yeye anagonga funguo kwenye glasi ya chai: tatu, kisha mbili, tatu, kisha mbili, ule mgongo wa rumba uliobeba muziki wa dansi kutoka Kinshasa mpaka huku. Nikiharakisha, anaacha kugonga. Hasemi kitu. Anaacha tu, anaangalia barabarani, mpaka nijirekebishe au nione haya. Wiki za kwanza aliangalia sana barabarani. Mimi moyoni nilikuwa natukana, maana nilitaka sebene, na kidole changu cha mwisho kilikuwa kinawasha.

Mwezi wa pili hivi, jioni moja umeme umekatika, kagonga, nimeingia, na sijui ni wakati gani niliacha kuhesabu. Akaweka funguo chini. Naendelea. Akaanza kuimba kwa sauti ya pua wimbo wa bendi yake ya zamani. Mjukuu akavua kandambili akaanza kucheza kwenye udongo, na jirani mmoja, bila kuulizwa, akachukua chupa na kijiko. Nilikuwa napiga kodi tatu tu gizani, mkono wa kulia unakwenda wenyewe, na nilihisi nimeibeba nyumba nzima na haina uzito. Tangu siku ile nimepiga solo nyingi, baadhi nzuri hata mimi nikijisifia. Hakuna iliyonipa ile.

Ninyi mnakuja na sekunde kumi za mwanzo za nyimbo ishirini, mmezitoa kwenye simu, na hakuna hata mmoja anayeweza kumsindikiza bibi yake wimbo mmoja mpaka mwisho. Solo inanyamaza katikati ya wimbo na watu hawana habari, wanaendelea kucheza. Nyamazisha ridhimu uone viti vinavyojaa. Na anayependa kupiga peke yake amtafute Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952: gumba na kidole cha shahada, vidole viwili tu, na utaapa kwamba ndani ya chumba kuna watu wawili. Msikilizeni gumba lake. Gumba ndilo ridhimu.

6. Madogo madogo. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Kwenye basi gitaa likae na wewe, lisiende kwenye buti. Ukimaliza futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, jasho linazila. Vidole vitauma wiki mbili tatu kisha vitaota sugu, na malengelenge usiyatoboe kwa pini ya shati kama mtu fulani.

7. Wewe wa Jumamosi. Zilegeze leo, usisubiri kesho. Zote sita, kidogo kidogo kwa zamu, usikate uzi ukiwa umekazwa. Umesema gitaa ni lako, nimekubali. Ila kama ni la kuazima, na nadhani ni la kuazima kwa jinsi ulivyolikumbatia nilipokuuliza, mwambie mwenyewe kabla hajaja kunywa chai kwenu. Seti ya nailoni ninayo kwenye droo, haijafunguliwa, utanilipa ukipata. Na zile za zamani ulizozitoa, usizitupe.