Cheza, mwanangu, lakini goti ulilinde

Mikindani, Jumapili usiku

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa jikoni, mara ya pili kitandani baada ya isha. Umeniuliza hivi: "Mama, timu ya netiboli ya chuo wamenitaka, GD wao, yule beki wa goli, anahama muhula wa Januari. Mazoezi mara mbili kwa wiki, mechi Jumatano mchana. Nikubali, au nishike masomo yaliyonileta?" Swali lako nimekaa nalo siku nne. Jibu langu ni kwamba ucheze.

Mjomba wako wa Newala nimemweleza, maana ni haki yake kuambiwa. Amesema hukwenda Aberdeen, huko Scotland, kurusha mpira, umekwenda kusomea mambo ya gesi ili urudi utafute kazi hapo Madimba au kwingineko. Sikumbishia, ni kaka yangu mkubwa. Lakini yeye sauti yako haisikii kila siku kama ninavyoisikia mimi.

Septemba ulikuwa ukinipigia unacheka, unanionyesha bahari yao ya kijivu na wale ndege weupe wanaonyang'anya watu chakula mkononi. Tangu Novemba meseji zako zinaingia alfajiri, nikitoa saa tatu za tofauti yetu najua hujalala. Wiki iliyopita ulisema siku tatu nzima hukuzungumza na mtu ana kwa ana isipokuwa muuza duka. Na huko sasa jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Mtoto aliyekulia barazani, anayesalimiwa na mtaa mzima akienda kununua chumvi, atakaaje chumbani na kompyuta katika giza hilo hadi Machi? Wewe unaogopa mpira utakula masomo. Mimi naogopa upweke, kwa sababu ndio unaokufanya ukeshe, na anayekesha hawezi kuelewa hesabu za mabomba asubuhi.

Sijawahi kukusimulia vizuri kwa nini niliacha mpira wa pete. Unajua tu kwamba nilikuwa senta. Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu mmoja aliniita ofisini akaniambia msichana mwenye akili anachagua: daftari au mpira. Nikaogopa, nikarudisha kile kifulana chenye herufi C. Jioni wenzangu wakienda uwanjani mimi nilibaki darasani na kitabu wazi, masikio yote yako nje kwenye filimbi. Matokeo ya kidato cha nne yalikuja vilevile kama ambavyo yangekuja. Sikupata hata alama moja ambayo naweza kusema niliinunua kwa kuacha mpira. Nilichopoteza nakijua. Wale wasichana walisafiri pamoja nyuma ya lori mpaka Lindi na Nachingwea, wakalala madarasani, wakagawana mkate. Mimi sikuwemo.

Baba yako alipofariki, waliofika kwanza walikuwa wale tuliochezwa unyago pamoja, hilo halishangazi, mtu wa kwetu aliotoka nao ndani ni ndugu zake. Lakini siku ya pili aliingia mwanamke mnene mwenye ushungi wa bluu, sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa GS wetu, mfungaji. Alipanda basi kutoka Nachingwea, miaka zaidi ya ishirini tangu nimuache na mipira yake. Alikaa mpaka hitima, akaosha masufuria bila kuambiwa. Nilicheza naye mwaka mmoja na nusu tu. Tangu siku ile huwa najiuliza wale ningecheza nao miaka minne wangekuwa nani kwangu.

Kwa hiyo nenda. Wewe mwenyewe mpira unaupenda, usinifiche. Mwaka 2019 mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yalipoletwa hapa Mtwara na wewe hukuingia timu ya mkoa, ulilia mpaka ukakataa pweza.

Sasa mambo ya kuangalia. La ratiba halinitii wasiwasi sana. Umesema mechi za ligi ya vyuo zinaisha Machi, na tasnifu yako ni ya kiangazi, basi havigongani. Vyuo vingi vya Uingereza huiacha Jumatano mchana bila vipindi kwa ajili ya michezo, lakini wewe ni wa uzamili. Hakikisha maabara yako haijapangwa siku hiyo, na wiki za mitihani mwambie nahodha mapema, usisubiri mpaka basi linaondoka.

Goti ndilo linalonisumbua. Sisi tumecheza kwenye mchanga na udongo. Mguu ukitua unateleza kidogo, goti linapumua. Huko mtacheza kwenye sakafu ya ukumbi, na raba inanasa pale pale. Na mchezo wenyewe unajua unavyodai: umedaka hewani, umetua, ule mguu uliotangulia chini ukiuinua huruhusiwi kuukanyagisha tena chini kabla hujautoa mpira mkononi. Mwili unakwenda, mguu umekwama, goti linapinda. Ndiyo maana wachezaji wa netiboli wengi huumia magoti na vifundo. Tua kwa miguu miwili kila unapoweza, magoti yakunje, yasiangukiane kwa ndani. Nunua raba za netiboli hasa, zile zako za kukimbilia ufukweni ziache. Wakisema kupasha misuli ni dakika kumi na tano, wewe usichelewe ukafika dakika ya kumi. Na ile tabia yako ya kumsogelea mfungaji mpaka unamhesabu kope, iache. Umbali ni futi tatu, na refa asiyekujua atapiga filimbi kila mara.

Ukiumia, usijifiche kwa kuogopa gharama. Ile ada ya afya ya viza, pauni 776 kwa mwaka, imeshalipwa. Kama bado hujajiandikisha kwa daktari wa mtaa wako, fanya hivyo kesho. Na Scotland dawa ulizoandikiwa na daktari hazilipiwi.

Halafu umenitajia kwa kupita tu kwamba kuna mtu anataka akulipe uwafundishe watoto netiboli Jumamosi. Hapo kataa. Zile karatasi za viza tulizisoma wote sebuleni, mimi na miwani yangu: kazi isizidi saa ishirini kwa wiki wakati wa muhula, na kazi ya uchezaji wa kulipwa au ukocha haimo kabisa. Kuchezea timu ya chuo bila malipo ni sawa. Hata akisema ni pesa ndogo ya nauli, usipokee mpaka umeuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni.

Kuhusu mavazi, nahodha ameshakuambia utavaa suruali ya kubana chini ya sketi, mikono mirefu na hijabu. Nimeridhika. Mimi nilicheza na sketi ya marinda na hakuna aliyekufa.

Kuhusu baa baada ya mechi, usiwakimbie wenzako mlangoni kana kwamba wana ugonjwa. Waambie mapema, siku ya kwanza, kwamba wewe pombe hunywi. Kaa nao mle, agiza juisi, ukichoka aga uondoke. Ila ule usiku wa kuwapokea wachezaji wapya uliosema watu hunyweshwa kwa kulazimishwa, usiende. Timu itakayokukataa kwa hilo, acha ikukatae. Ramadhani itaanza Februari, na magharibi ya huko mwezi huo inaingia mapema, kwa hiyo baada ya mechi hutangoja saa nyingi kufuturu. Weka tende kwenye mkoba. Ukiona kizunguzungu omba kutoka uwanjani, robo ya dakika kumi na tano ni ndefu kwa mtu mwenye kiu.

Zile korosho nilizokufungia, kama hujazimaliza, wapelekee siku ya kwanza ya mazoezi. Usiende mikono mitupu.

Mechi ikianza saa nane mchana kwako, huku ni saa kumi na moja jioni. Nitakuwa nimemaliza kumwagilia mchicha, nipo barazani na simu. Usinipigie kabla hujala. Niambie umecheza robo ngapi, na goti linasemaje.

Mama yako