Kibao cha EWS mnadani: kigeuze kwanza

Mkuu, umeuliza kama kibao cha EWS (Emergency Water Supply, maji ya dharura ya zimamoto) ulichokiona mnadani ni cha kweli cha Vita Kuu ya Pili, na kama kutoa pauni 120 ni sawa. Nipo London mwaka wa 14 sasa, na vibao vya ulinzi wa raia navikusanya kwa miaka tisa. Ushauri wangu ni mmoja: usinunue kwa picha.

Cha kwanza nilichonunua kilikuwa bandia. Kilikuwa na herufi S (shelter, mahali pa kujikinga na mabomu) na mshale, kutu imekaa pembe zote nne sawasawa kama iliyopimwa. Muuzaji aliniambia kimetoka kwenye ghala la reli, nikatoa pauni 80. Mzee mmoja mkusanyaji alikigeuza, akanionyesha rangi ya kupulizia mgongoni. Iliniuma sana, ila siku hiyo alinifundisha kutazama.

Enameli ya zamani, yaani ile rangi ya kioo juu ya chuma, ilichomwa tanuruni tabaka juu ya tabaka. Pitisha kidole ukingoni mwa herufi, utahisi kijingazi. Mgongoni nako kwa kawaida kuna enameli. Kisha tazama matundu ya skrubu: pale alipokaza fundi enameli imebanduka, na kutu yake ni nyeusi, imekula ndani. Siku hizi wapo wanaochoma enameli halisi kwenye vibao vipya, kwa hiyo kijingazi peke yake hakitoshi. Na vibao vingi vya EWS havikuwa vya enameli kabisa, vilipakwa kwa brashi. Hapo tafuta mkono wa mtu: herufi mbili za aina moja hazilingani sawasawa.

Maji hayo ya dharura yana historia yake. Usiku wa 29 Desemba 1940 mabomu ya moto yaliangukia katikati ya London, mabomba ya maji yakapasuka, na mto Thames ulikuwa umekupwa kiasi kwamba kuvuta maji ilikuwa shida. Baada ya hapo matangi ya akiba yalizidi kuenea, mengine ndani ya mashimo ya nyumba zilizobomolewa. Kibao kilimwambia zimamoto maji yako wapi na ni galoni ngapi. Changu kimeandikwa 5,000, yaani karibu lita 22,700. Mimi kibao chenye namba nakithamini kuliko kisicho nayo, maana kinakuambia tangi lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani.

Jihadhari pia na maneno "Civil Defence" (ulinzi wa raia). Huduma iliyoitwa ARP (Air Raid Precautions, kinga dhidi ya mashambulizi ya ndege) ilipewa jina hilo mwaka 1941, lakini kikosi kingine chenye jina hilo kiliundwa 1949 kikadumu hadi 1968. Wauzaji wengi huviita vyote vya vita, na bei hupanda.

Jambo moja nakusihi: ukiambiwa kibao "kimetolewa ukutani juzi", achana nacho; vilivyobaki ukutani viachwe mahali pake. Nenda Lord North Street, Westminster, uone maandishi ya rangi yanayoelekeza watu kwenye mahandaki chini ya njia ya miguu. Bado yako pale pale watu walipoyasoma wakikimbia. Kusini mwa London kuna mitaa ambayo uzio wake ni machela za chuma za ARP, zimesimamishwa ubavu. Mimi hupita hapo Jumapili na wanangu, nawaonyesha yale mapindo ya miguu ya machela.

Ukirudi mnadani, piga picha ya mgongo na ya matundu ya skrubu uiweke hapa. Nitakuambia ninachokiona.