Maswali na majibu: Wazo la utafiti wa wanafunzi limejificha wapi ndani ya tafiti mpya?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa sekondari wilayani Tarime. Nina wanafunzi wanne wa kidato cha tatu wanaotaka kuingia mashindano ya sayansi. Kila mwaka tunarudia yale yale: mlonge wa kusafishia maji, biogesi ya samadi, mwarobaini wa kuua bakteria. Nimeshauriwa tusome tafiti zilizochapishwa karibuni, eti wazo litatoka humo. Tumejaribu. Nyingi hatuzielewi, nyingine zinadai dola, na hata tukielewa tunaona kila kitu kimeshafanywa. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, ushauri mliopewa ni mzuri ila umeishia njiani. Anayesoma utafiti mpya akitafuta jambo ambalo halijafanywa atachoka bure, maana kila mwandishi amejitahidi kuonyesha kwamba kazi ameimaliza. Mimi kazi yangu ni wadudu wa mazao, na vijana wanaokuja kwangu huwa nawatuma watafute mahali wataalamu wanapobishana. Wakishapapata, wajiulize: ndani ya ubishi huu kuna kipande gani tunachoweza kukipima sisi kwa rula, saa na macho yetu?

Nichukue mfano ulio mlangoni kwenu. Kilimo cha vuta-sukuma hakihitaji utambulisho huko Mara: desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za mabingobingo au brakiaria pembezoni mwa shamba. Kilianza miaka ya 1990 kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita nchini Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, kwa ajili ya viwavi wanaotoboa mabua na magugu ya kiduha. Viwavijeshi vamizi walipoonekana Afrika mwaka 2016, watafiti walikwenda kukagua mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania. Makala yao ya mwaka 2018 inasema penye vuta-sukuma idadi ya viwavi kwa kila mmea ilipungua kwa asilimia 82.7. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba desmodiamu hutoa harufu inayomfukuza nondo, yaani mdudu mzima mwenye mabawa anayezaa viwavi hao, asitage mayai kwenye mahindi.

Kikatokea kikundi kingine kikaandika kwenye jarida la eLife, na kichwa cha makala chenyewe ni ugomvi: desmodiamu haifukuzi wadudu, inawanasa na kuwaua. Walipima harufu wakaikuta hafifu. Walipotazama jani kwa hadubini wakaona vinyweleo vyenye ndoano, vinavyomchoma kiwavi mchanga na kumshikilia hapo hapo. Wengine nao wakaenda kupima hewa kwenye mashamba ya wakulima magharibi mwa Kenya, wakasema harufu hizo zipo. Ubishi haujaisha, na hapo ndipo wanafunzi wako wanapoweza kuingia.

Wapeleke shambani wachume jani la desmodiamu walipitishe kwenye mkono wa sweta ya shule. Litang'ang'ania. Kisha waliweke chini ya hadubini, kwa lenzi ndogo kabisa, waangalie vinyweleo vya juu ya jani, vya chini na vya kwenye kikonyo. Wachore wanachokiona. Kwa kupima harufu hamna mashine, kwa hiyo upande huo wa ubishi waachieni wenye nazo. Ndoano mnazo.

Swali linaweza kuwa hivi: viwavijeshi waliototolewa leo, wakiwekwa juu ya jani la desmodiamu, wanasogea umbali gani kwa dakika 10, na wangapi wanakuwa hai baada ya saa 24, ukilinganisha na jani la mahindi na jani la maharage? Maharage sikuyataja kwa bahati. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa vinyweleo vya jani la maharage, navyo vyenye ndoano, huchoma miguu ya kunguni na kumnasa. Je, kiwavi mchanga naye hunasika? Sijasema jibu ni ndiyo. Lakini likiwa ndiyo, mkulima atataka kulisikia, kwa sababu desmodiamu anamlishia ng'ombe na maharage anakula mwenyewe.

Sasa vifaa. Nondo wa kiwavijeshi hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200 kwa fungu, akayafunika kwa magamba yanayofanana na manyoya. Mafungu mawili kutoka mahindi machanga ya shamba la shule yanatosha kwa viwavi 10 katika kila kikopo, vikopo 5 kwa kila aina ya jani. Aina ya nne ya jaribio iwe jani la desmodiamu lililofunikwa kitambaa chepesi ambacho kiwavi hawezi kupenya, harufu ipite lakini miguu isiguse vinyweleo. Viwavi wakifa juu ya jani tupu na wakapona juu ya kitambaa, mna hoja ya kusimama nayo mbele ya majaji. Msitumie viwavi wakubwa. Hao hulana wenyewe kwa wenyewe, na mtakuwa mnahesabu vifo vilivyoletwa na jirani mkidhani ni jani. Vikopo vifunikwe muda wote, na kazi ikiisha viwavi wote waishie kwenye maji ya sabuni.

Kuhusu kusoma. Makala ya kisayansi haisomwi toka juu hadi chini kama gazeti. Waanze na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, waruke hadi kwenye picha na grafu, kisha waende moja kwa moja sehemu ya mbinu. Hapo ndipo ninapotaka watumie muda. Kila kifaa kilichotajwa wakiwekee alama: tunacho, tunaweza kukitengeneza, hatukiwezi. Makala ambayo kila kitu kiko kwenye fungu la mwisho waiweke kando bila huzuni, hata kama mada yake inavutia. Ile aya ya mwisho inayosema utafiti zaidi unahitajika, ambayo walimu wengi huikimbilia, mara nyingi haiwafai wanafunzi. Nyingine ni maombi ya fedha yaliyovaa koti. Afadhali sehemu ya mapungufu ya utafiti. Na eLife ina jambo moja zuri sana: makala kama hiyo ya desmodiamu huwekwa pamoja na maoni ya wataalamu walioihakiki. Wasomeni hao. Wanasema wazi kitu gani hakikupimwa, tena kwa lugha nyepesi kuliko ya makala yenyewe.

Hilo la kila kitu kuwa kimeshafanywa lisiwatishe. Kurudia jaribio la mtu, kwa aina nyingine ya maharage au hali nyingine ya hewa, ni utafiti halali mradi mseme kwamba mmerudia na mmebadilisha nini. Tanzania tuna mfano wake. Erasto Mpemba aliuliza akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, mwaka 1963, kwa nini mchanganyiko wa aiskrimu wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Mwaka 1969 akachapisha jambo hilo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Miaka 47 baadaye, yaani 2016, Burridge na Linden walirudia jaribio la maji kule Uingereza, wakasema hawakuliona jambo hilo, na wakaonyesha kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kwa kama sentimita moja tu kunaweza kukupa matokeo yanayokudanganya. Shule yenye friji na vipimajoto viwili inaweza kuanzia kwenye sentimita hiyo.

Mwarobaini na bakteria, naomba muuache. Tafiti zake ni nyingi na zinavutia kuigiza, lakini kuotesha bakteria wasiojulikana kwenye maabara isiyo na namna ya kuwaua salama ni kutafuta maradhi. Vivyo hivyo chochote kinachogusa watu au wanyama wenye uti wa mgongo kinahitaji vibali kabla ya kuanza, na vibali huchukua muda kuliko muhula.

Kutafuta: tumieni Google Scholar, mtambo wa bure wa kutafutia makala za kisayansi, muandike jina la kisayansi la mdudu, Spodoptera frugiperda, pamoja na la mmea, kisha mchague miaka mitano ya karibuni. Mkipata makala moja nzuri, bonyezeni kiungo kinachoonyesha nani ameinukuu. Wabishi wake wote wako humo. Programu za kujibu maswali kwa akili bandia ziwasaidie kufafanua aya ngumu, lakini zikiwatajia makala, itafuteni kwa kichwa chake na namba yake ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, kabla ya kuiamini. Huwa zinatunga.

Na hizo zinazodai dola, msilipe. Majarida ya eLife, PLOS ONE na Malaria Journal husomwa bure kwa mtu yeyote. Kazi nyingi za huku kwetu ziko AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, likiwemo Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makala iliyofungwa, bandikeni kichwa chake kizima kwenye Google Scholar na mbonyeze matoleo mengine, maana mara nyingi chuo cha mwandishi kimeweka nakala ya bure. Ikishindikana, mwandikieni mwandishi mwenyewe. Anwani yake iko ukurasa wa kwanza. Mistari minne inatosha: ninyi ni nani, makala gani mnaomba, mnataka kupima nini, na swali moja kuhusu mbinu yake. Barua waandike wanafunzi, wewe uisahihishe tu, na waitume kabla ya mahindi kufika magotini, maana mafungu ya mayai hayatasubiri jibu.