Jibu: Masikio kuuma ndege ikishuka
Habari ndugu. Umesema ndege ikipaa huna shida, ila ikishuka masikio yanaziba na kuuma hadi mnatua. Kwanza angalia kama una mafua. Pua ikiziba, mrija unaounganisha sikio na koo haufunguki vizuri, na wakati wa kushuka mgandamizo wa hewa ndani ya ndege unaongezeka huku ule wa ndani ya sikio ukibaki mdogo.

Usilale dakika 30 za mwisho. Usingizini mtu humeza mate mara chache mno, na kumeza ndiko hufungua mrija huo. Tafuna chingamu, piga miayo. Ikigoma, bana pua, funga mdomo, sukuma pumzi taratibu, na uanze kabla maumivu hayajaja. Usisukume kwa nguvu, tafadhali: ngoma ya sikio huumia.