Pikipiki iliibwa Mtwapa, ripoti iko Kiembeni

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni mwanabodaboda wa Kiembeni. Pikipiki yangu iliibwa Jumamosi usiku Mtwapa, nikaripoti kituo cha huku kwetu, nikapewa namba ya OB, lile daftari la matukio la kituo. Nilipovuka daraja kuulizia, askari akasema namba hiyo haimwambii kitu. Shemeji yangu aliye Marekani asema polisi wa miji jirani kule hupeana habari. Sisi polisi wetu ni mmoja, mbona tunashindwa? Pia wenzangu wataka tusambaze WhatsApp picha ya kijana tunayemshuku. – Msomaji, Kiembeni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Shemeji yako hakudanganya. Marekani ina takriban idara 18,000 za polisi, kila moja na mkubwa wake na kumbukumbu zake, kwa hiyo wamelazimika kutafuta njia za kupeana habari. Gari likiibwa, namba zake huingizwa kwenye hifadhi ya FBI iitwayo NCIC, iliyoanza 1967, na askari wa mji mwengine akilisimamisha anaweza kuliona humo. Sisi Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 243, imetupa Huduma moja ya Taifa ya Polisi. Sare ni moja, lakini ripoti yako imelala kwenye daftari, na daftari liko kaunta.

Nilikaa nyuma ya kaunta hiyo mpaka nikastaafu, hebu nikufunulie ukurasa. OB huanza upya kila siku: wa kwanza kuandikisha ni namba 1, wa pili 2, kisha mkwaju na tarehe. Namba 14 ya Jumamosi hiyo yaweza kuwa Nyali, Changamwe na Mtwapa pia. Kwenu ni pikipiki. Ng'ambo ya daraja ni mke na mume waliogombania rimoti. Ukienda na namba tupu bila jina la kituo, askari wa watu atakutana na rimoti.

Kuripoti kwenu si kosa, ila upelelezi huhamia kule tukio lilikotokea, na hauhami wenyewe. Rudi ulikoandikisha, muone OCS, yaani mkuu wa kituo, umuombe signali, ujumbe wa polisi kwa polisi, iende Mtwapa. Iende na Kwale, maana feri ya Likoni haiulizi logibuku.

Omba usomewe walichoandika. Kama ni "pikipiki nyekundu" basi, hapo hakuna kitu, kila steji ina nyekundu. Namba pleti hung'olewa kwa spana. Wape namba ya injini na ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Imo kwenye logibuku. Wakiwa hawakuiandika, iandikishwe leo.

Picha ya pikipiki sambazeni mtakavyo. Ya kijana, sikubali hata kidogo: watu watamchoma moto kabla chesisi haijasomwa. Jina lake mpe mpelelezi, mkono kwa mkono.

Na abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha umeripoti, usiiache hapo kituoni, kama pikipiki ni ya mkopo aliyekukopesha ataitaka.