Kutoka Pangani Hadi Ngorongoro: Panga Likizo kwa Mwinuko, Si kwa Kilomita

Wengi wanaopanga likizo ya ndani Tanzania huanza kwa kutaja majina: Zanzibar, Serengeti, Ruaha, Kigoma. Hapo ndipo safari inapoharibika kabla haijaanza. Nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na ukitaka kuonja kila kona, siku zako tisa zitaishia kwenye kiti cha basi. Chagua mteremko mmoja tu, uanzie ufukweni, uupande hadi juu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban digrii 6, na pamoja na joto hubadilika udongo, miti, chakula sokoni na hata namna nyumba zilivyojengwa. Mtu anaweza kusafiri kilomita 300 kwenye nyika asione tofauti, kisha akapanda kilomita 33 za kona akajikuta kwenye nchi nyingine kabisa.

Mteremko tunaoupenda kuliko yote uko kaskazini mashariki: Pangani usiku 2, Lushoto usiku 3, Moshi usiku 1, Karatu usiku 2. Usiipunguze Lushoto. Ndiyo watu huipa usiku mmoja, na ndiyo wanayoijutia.

Pangani usiende kwa tarehe ya kalenda, nenda kwa mwezi wa angani. Fungu la mchanga la Maziwe huonekana maji yakipwa. Yakijaa, linafunikwa lote. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya mwambao wetu hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo ukifika siku ya bamvua au mbili baadaye, utaondoka na mashua asubuhi bahari ikiwa bado tulivu, na utakuwa na muda wa kutosha mchangani. Ukifika wakati wa maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na nahodha mkweli atakwambia usubiri. Maziwe haina mti hata mmoja. Beba mwavuli, shati la mikono mirefu na maji ya kunywa, angalau lita 2 kwa kila mtu, na viatu vya raba vya kukanyagia matumbawe. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Anayeijali zaidi bahari aende Oktoba, au Januari na Februari.

Kutoka pwani unapita Muheza na Segera, kisha barabara kuu inakuchukua hadi Mombo. Kabla hujapanda, iangalie Mombo vizuri: mkonge, mibuyu, miiba, vumbi. Mombo iko chini ya mlima wenye msitu mnene, lakini ni kavu. Sababu ni upepo. Pepo za baharini hugonga Usambara kwa upande wa mashariki, hupanda, hupoa na kuangusha mvua hukohuko. Amani, upande wa baharini, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Zikishavuka milima hiyo, pepo hizo hushuka zikiwa kavu, ndiyo maana Mombo na nyika ya Mkomazi haziambulii hata nusu yake. Ukiwa na usiku mmoja wa ziada, uupe Amani. Ukiwa huna, nenda Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, usimame kwenye mwamba. Nyuma yako kuna bustani za mboga na baridi. Mbele, karibu mita 1,000 chini ya miguu yako, kuna nyika ya rangi ya kahawia. Nenda asubuhi mapema au baada ya saa 10 jioni, maana mchana joto la bonde huleta utusitusi na macho hayafiki mbali.

Anayesafiri kwa basi amwambie konda mapema kwamba anashuka Mombo, na ahakikishe anafika kabla ya saa 9 alasiri. Magari madogo ya kwenda Lushoto huondoka yakijaa, na jioni abiria hupungua. Kaa mbele, usile ukashiba; kona ni nyingi na anayetapika huwa yule wa kiti cha nyuma. Mwenye gari lake atapanda bila taabu. Taabu iko kwenye kushuka. Weka gia ya pili, na kwa gari la otomatiki weka 2 au L, uiache injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo kutoka Soni, mji mdogo wa njiani, hadi chini ataanza kusikia harufu ya kuungua, na baada ya harufu breki hulegea. Ukiisikia, tafuta mahali pa wazi usimame, zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, diski ya moto hupasuka.

Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Siku ya kwanza tembea Irente, ya pili msitu wa Magamba ukiwa na mwongozaji, ya tatu nenda hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa safu. Barabara ya Mtae ikinyeshewa huteleza vibaya, hivyo wakati wa vuli na masika uliza kwanza kwa madereva wa asubuhi. Msimu huo pia nguo hazikauki: ukungu hauruhusu. Fua Pangani, fua tena Moshi, Lushoto usifue kabisa. Na usibebe koti moja zito, kwani litakuwa mzigo ufukweni na likilowa utalibeba bichi siku tatu. Fulana mbili, sweta la mtumba na koti jepesi la mvua juu yake vinatosha hadi Ngorongoro.

Moshi ni ya kupumzika, ila amka saa 12 asubuhi. Kilimanjaro, mita 5,895, mara nyingi hujifunika mawingu kabla ya saa 4, na huonekana tena jioni. Mwenye miguu ya kutembea apande kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, arudi siku hiyohiyo. Ni msitu mtupu, wenye mbega.

Kutoka Arusha unakata Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, na hapo utaona maajabu mengine ya maji. Mvua iliyonyesha nyanda za juu za Ngorongoro hupenya kwenye miamba ya volkano na kuchomoza chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Msitu wa Manyara hunywa chemchemi hizo, ndiyo maana ni kijani hata kiangazi. Barabara inaupanda ukuta huo hadi Karatu. Lala hapo badala ya ukingoni mwa krateri ya Ngorongoro: bei ni nafuu na baridi si kali. Ukingo uko karibu mita 2,300, na Juni hadi Agosti alfajiri huwa chini ya digrii 10. (Huko juu maji huchemkia kwenye digrii 92 hivi, maharage yanachukua muda wake.)

Krateri hushukwa kwa gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na ada ya gari kushuka hulipwa mbali na kiingilio cha watu. Changeni watu sita gari moja. Bebeni vitambulisho vya taifa, la sivyo mtatozwa bei ya wageni, na andaeni malipo ya simu au kadi, si pesa taslimu. Fikeni lango la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, linapofunguliwa saa 12 asubuhi. Ukungu ukiwa mzito pale juu msikate tamaa wala msigeuze: chini, mita 600 kutoka ukingoni, mara nyingi kuko wazi.

Jambo la mwisho ni homa. Mbu wa Pangani hakuumi leo ukaugua kesho. Malaria huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza, yaani wakati ule ambao tayari uko kwenye baridi ya Karatu. Watu husema ni mafua ya mlimani, wakanywa tangawizi. Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na mwili ukichemka huko juu, nenda ukapime siku hiyohiyo.