Wavulana wanaingia ufundi, shida ni kubaki

Mama, umeuliza kama wavulana wa Lubumbashi hawapendi tena kusoma ufundi wakishapata diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari. Wanapenda. Umeme na mekanika bado vimejaa wanaume. Ukitaka kuona wasichana wengi, ingia kwa wauguzi na wakunga.

Shida ni kubaki. Mimi nafundisha kulehemu, na bei ya madini ya kobalti ikipanda tu, benchi zinaanza kuwa wazi. Kijana anaenda Kolwezi, mji wa migodi, kuchimba, jioni anashika pesa, wakati sisi tunamdai minervali, yaani ada ya shule, na miaka. Halafu kuna lile neno la nyumbani: "Umeshakuwa mwanaume, saidia wadogo zako." Hilo ndilo linawatoa shuleni, kwa hiyo naomba sana tusiwaite wavivu.

Lakini mashimo nayo hayana uhakika. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kobalti kuuzwa nje ya nchi, na hesabu za watu zikavurugika ghafla.

Mwanao akisitasita, mpeleke aulize INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi. Ipo tangu 1964, na mafunzo yake mengine ni ya miezi tu, anaweza kusoma huku anatafuta pesa.